Kwacha mia nne zilivyovuka Luapula

Jumatano, Lubumbashi

Ilikuwa tuondoke saa kumi na moja alfajiri. Tuliondoka saa tatu, baada ya dereva kukubali kwamba tairi la nyuma halifai, tena baada ya sisi abiria kumwambia mara nne. Fuso imejaa magunia ya chumvi, makatoni ya sabuni na watu. Mimi nina makreti yangu matupu ya samaki. Mtoto wa kaka yangu ana begi moja na daftari mbili.

Mimi nauza samaki wakavu soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mwaka wa kumi na tisa huu. Kila Novemba napanda Kasenga, upande wetu wa Kongo kando ya mto Luapula, mpakani na Zambia, mara moja ya mwisho, kwa sababu Desemba ikiingia Zambia hufunga uvuvi hadi mwisho wa Februari, na bei ya samaki upande wetu nayo hupanda. Safari hii kijana kaniomba anifuate. Yuko Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anasoma uchumi, na kazi yake ya kumaliza ni kuhusu pesa ambazo serikali inawapa maskini wa vijijini: je, zinaongeza mapato yao au zinaliwa zikaisha? Nikamuuliza kwa nini aende mbali hivyo. Akasema, "Shangazi, kwetu nitaipima wapi?"

Kweli. Wakati wa korona serikali ilituma pesa kwa simu kwa familia maskini, lakini hiyo ilikuwa Kinshasa, mjini, mradi wa STEP-KIN. Upo pia mpango wa maeneo 145, nao unajenga shule, vituo vya afya na ofisi za utawala. Sisemi ni vibaya. Ila mwanamke wa shamba akiamka asubuhi hana unga, ukuta wa ofisi haumsaidii kitu.

Ng'ambo ya mto ni hadithi nyingine. Na mimi nina mama ng'ambo ya mto.

Barabara ya Kasenga tunaijua. Ukipita uwanja wa ndege wa Luano unaanza kukutana na baiskeli za makala, yaani mkaa, magunia matatu juu ya gurudumu mbili, kijana anasukuma huku amelala kifua juu ya mzigo. Msitu unazidi kurudi nyuma kila mwaka. Mvua ilitukamata kabla ya Kasomeno, tukalala hapo, mimi juu ya chumvi.

Dereva alipomsikia kijana akieleza kazi yake alicheka sana. "Umpe mzee pesa ya bure? Atainywa!" Watu wote juu ya magunia wakamuunga mkono. Kijana akajibu kwamba jambo hilo lilichunguzwa Zambia, na pombe na sigara hazikuongezeka. Dereva akasema hao waliochunguza hawamjui shemeji yake.

Alhamisi, Kasenga

Tumefika saa sita. Kasenga ina nyumba kubwa za kale za Wagiriki waliokuwa wakinunua samaki hapa na kuwapeleka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, zamani za Wabelgiji. Siku hizo mto ulikuwa na samaki wengi wa aina ya mpumbu. Wavuvi wakawafuata hata wakati wanapanda mito kutaga mayai, wakaisha. Wazee wa hapa bado wanautaja mpumbu kama ndugu aliyefariki.

Mama mkubwa hakuwepo nyumbani. Niseme vizuri: mama yangu mzazi alikuwa wa katikati. Dada yake mkubwa alibaki Kasenga. Mdogo aliolewa Kashiba, ng'ambo, na siku ya jua kali unaweza kuona mabati ya upande ule. Lugha moja, makaburi pande zote mbili, ila serikali mbili.

Tulimkuta shambani, lakini si lake. Mgongo umepinda juu ya jembe, miaka sabini na kitu, na wajukuu wawili nyuma yake wanapiga matuta. Shamba la mfanyabiashara mmoja. Wakimaliza kipande kile watapewa meka mbili za unga, meka ni kopo la kupimia.

"Na shamba lako, mama?"

"Linanisubiri."

Nilikwenda kuliona jioni. Majani yamefika magotini. Mvua imeshanyesha mara nne na hakuna mbegu hata moja ardhini.

Hapa nataka nikae kidogo, maana kijana aliandika kurasa tatu na mimi nilihitaji dakika moja tu. Novemba hapa kila mtu ana jembe moja na asubuhi moja. Aliye na akiba ya chakula analima kwake mvua za kwanza. Asiye nayo analima kwa wengine ili ale leo, halafu kwake anapanda Desemba, wakati mahindi ya tajiri yamesimama kiunoni. Aprili anavuna kidogo. Kile kidogo hakifiki Septemba. Novemba inamkuta tena shambani kwa watu. Si mvivu. Mama mkubwa ndiye mtu anayefanya kazi kuliko wote ninaowajua, na kadiri anavyofanya kazi ndivyo shamba lake linavyozidi kuota majani.

Na deni lipo. Tangu Septemba amekuwa akichukua unga dukani: meka moja leo, atalipa meka tatu za mahindi wakati wa mavuno. Amechukua nane. Kijana alipiga hesabu kwenye daftari, akanionyesha bila kusema: ishirini na nne. Mahindi ambayo hayajapandwa yameshakuwa ya mtu.

Ijumaa, Kasenga

Mvua siku nzima. Nimenunua pale kreti mbili, bei mbaya. Kijana kasoma, mama mkubwa kalala mchana, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Jumamosi, kuvuka

Tulivuka asubuhi kwa mtumbwi wa injini. Kuna karatasi ya kuvukia, kuna meza, na nyuma ya meza kuna mtu anayetaka kitu kidogo ambacho hakina risiti. Nikampa. Mto ulikuwa mwekundu kwa udongo. Mwenye mtumbwi alituonya tusiweke mikono majini, mamba mmoja anazunguka hapo tangu Jumapili.

Mama mdogo alitupokea kwa vigelegele na munkoyo, kinywaji cha mahindi. Nilipokaa nikaanza kuangalia, maana jicho la sokoni halipumziki. Bati jipya upande mmoja wa nyumba. Kuku, na usiulize ni wangapi, kuku hawahesabiwi mbele ya mwenyewe. Sufuria kubwa nyeusi ya mafuta imeinamishwa ukutani. Na nyuma ya nyumba mahindi yenye majani matatu, mistari imenyooka.

Yeye na dada yake walizaliwa nyumba moja. Wote wajane. Wote wanalea wajukuu walioachwa na wazazi. Shamba la huyu si kubwa kuliko la yule.

Kijana akafungua daftari. "Nkambo, ulianza lini kupokea?"

Zambia walianza jambo hili 2003, Kalomo, kule kusini, kwa majaribio. Mwaka 2010 wakaanza mpango wa watoto wadogo katika wilaya tatu za mbali sana: Kalabo, Shang'ombo na Kaputa, na Kaputa haiko mbali na sisi, ni huko kaskazini ukipita Nchelenge. Walichagua vijiji 90 na nyumba karibu 2,500, kwa kura nusu wakaanza kupokea na nusu wakasubiri, ili ijulikane pesa imefanya nini hasa. Kwacha 60 kwa mwezi, nyumba iwe ya watu watatu au kumi. Baadaye mpango ukapanuka nchi nzima: wazee, wenye ulemavu mkubwa, wanawake wenye nyumba na watoto wengi, wagonjwa wa muda mrefu. Kamati ya kijiji inatafuta majina, na majina yanasomwa mbele ya watu.

Mama mdogo hajui mwaka. Alisema, "Nilianza mwaka ule mjukuu wa mwisho alipoota meno." Sasa anapokea kwacha mia nne kila baada ya miezi miwili. Na bahati yetu, au pengine kijana alishaulizia, Jumatatu ndiyo siku ya malipo.

Usiku kijana akanisomea alichokuwa amekitunza tangu Lubumbashi. Baada ya miaka mitatu, kwa wastani wa mipango miwili ya Zambia iliyochunguzwa, nyumba zilizopokea zilikuwa zinatumia zaidi ya zile zilizosubiri, na ile ziada haikuishia kwenye pesa waliyopewa: iliipita kwa asilimia 67. Yaani kwacha moja ya serikali ilionekana nyumbani kama kwacha moja na ngwee 67, ngwee mia zikiwa kwacha moja.

Nikamwambia sokoni mtu akiniambia hivyo nashika kwanza mkoba wangu. Ngwee 67 zimetoka kwa nani?

"Wanasema ni kilimo na biashara ndogo, Shangazi."

"Wanasema. Jumatatu tutaona."

Jumapili

Kanisa, halafu wageni. Jirani mmoja alikuja akakaa mlangoni, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mume yupo ila mgonjwa wa mapafu. Jina lake halikusomwa. Alisema kamati ilimwambia nyumba yake ina mwanaume. Hakulia wala hakutukana mtu, alieleza tu kama mtu anayeeleza njia. Mama mdogo aliinama akachambua maharage, hakuinua macho hadi yule alipoondoka. Kisha akasema, "Mimi sikuandika majina."

Kijana hakuandika hilo. Nikamwambia aandike.

Jumatatu, siku ya malipo

Shuleni, chini ya mwembe. Watu wameanza kufika saa kumi na mbili, wengine kwa baiskeli wamebebwa kama magunia ya makala. Mlipaji ni mwalimu, ana meza, orodha na pedi ya wino. Unaitwa, unaonyesha kitambulisho, unatia kidole gumba, unahesabiwa. Mama mdogo alisubiri kwa muda wa saa nne. Alipopewa alihesabu mara mbili mbele ya mwalimu, akaenda pembeni akahesabu mara ya tatu, akazifunga kwenye ncha ya kitenge.

Si mara zote zinafika siku iliyosemwa. Bibi mmoja kwenye mstari alimkumbusha mama mdogo mwaka 2018, pesa zilipopotea huko juu, na Uingereza, Ireland, Finland na Sweden wakasimamisha michango yao. Walikaa miezi bila kitu. "Hapo nilirudi kwenye jembe la watu," alisema, na wenzake wakaguna. Mwaka 2024 pia, ukame ulipotangazwa janga la taifa, wilaya 84 kati ya 116, wa kule kusini waliongezewa. Huku Luapula mvua ilikuwepo.

Sasa nieleze zile mia nne zilivyokwenda, maana niliufuata mkono wake hadi jioni kama mpelelezi.

Hamsini zililipa dukani: chumvi, kiberiti, sabuni, vilivyochukuliwa tangu Oktoba. Hapa nilimtazama mwenye duka kuliko nilivyomtazama mama. Hakuongeza kitu juu ya deni. Nilimuuliza kwa nini, wakati huku wapo wakopeshaji wa kaloba, unachukua mia unarudisha mia na hamsini. Alisema, "Huyu najua siku yake." Basi. Kwa dada yake ng'ambo meka moja inarudi tatu, kwa sababu hakuna anayeijua siku yake.

Sitini: madaftari na kalamu za wajukuu. Shule Zambia ni bure tangu 2022, lakini daftari hazijawa bure.

Arobaini: chilimba. Sisi tunaita likelemba. Wako wanawake wanane, kila malipo wanachangia na mmoja anabeba zote. Lile bati jipya ni zamu yake ya mwaka jana.

Themanini zilikuwa za mtu wa kupalilia. Na aliyekuja kuzichukua ni yule jirani wa jana, ambaye jina lake halikusomwa. Atapalilia siku nne, na atapewa pesa, si unga. Mama mdogo ana miaka sitini na saba, magoti yamekataa, ila shamba lake lilipandwa mvua ya kwanza. Miaka kumi na mitano iliyopita yeye ndiye aliyekuwa akienda kupalilia kwa watu. Kijana aliitikia kwa kichwa: kule Kaputa na wilaya zile nyingine nako waliona hivyohivyo, waliopokea walipunguza vibarua vya shamba, wakalima eneo kubwa zaidi lao wenyewe.

Mia moja na ishirini zilinunua unga wa ngano, mafuta na sukari. Ndiyo ile sufuria nyeusi. Wao wanasema vitumbuwa, sisi mikate. Mjukuu wa kike anakanda usiku, asubuhi wanakaanga, saa nne za mapumziko wanauza kwenye uzio wa shule. Nilimkalia mama mdogo hadi akanipa hesabu yote, kwa sababu mtu wa biashara hawezi kulala na hesabu nusu. Mia na ishirini hurudi kama mia na themanini kwa wiki mbili, mavuno yakiwa mazuri. Miezi ya njaa hairudi hivyo, watoto hawana hela, anakaanga kidogo. Kuni zake ni za bure na kazi ya mjukuu hakuihesabu, nikamwambia aihesabu, akacheka. Akifanya mizunguko miwili, mitatu kati ya malipo na malipo, tayari ule mtaji umemletea zaidi ya mia. Ongeza mahindi yaliyopandwa kwa wakati. Ongeza deni lisilo na riba. Ongeza mayai.

Nikamwita kijana. "Ngwee zako 67 ziko hapa. Zilikuwa zake siku zote, ila hakuwa na unga wa kuanzia."

Aliandika. Kisha akauliza, kwani angekopa mtaji asingefanya vilevile? Swali zuri. Lakini mtaji wa mkopo unaoliwa siku mtoto anapougua unakuacha na deni, na huu ukiliwa, Januari utakuja mwingine. Mama mdogo alisema mwenyewe: mara mbili uliliwa wote, mara moja kwa malaria na mara moja kwa msiba, na mara zote mbili alianza upya.

Hesabu inabakiza hamsini. Sikuuliza.

Jumanne, kurudi

Kabla hatujapanda mtumbwi alinishika mkono, akanitia karatasi iliyokunjwa ndani ya kipande cha kitenge. "Mpe yaya," yaani dada yake mkubwa. Hamsini. Kumbe kila malipo hufanya hivyo akipata mtu wa kumwamini.

Kuvuka kulikuwa kwa upepo, kreti moja ya samaki ilimwagikiwa maji. Mtu wa meza alituuliza tumebeba nini. Nikasema samaki.

Mama mkubwa alikuwa amekaa uani, jembe limelala karibu na miguu. Alifungua kitenge polepole, akanusa ile noti kwanza, kweli alinusa, kisha akacheka. Tukaenda naye kwa mbadilisha pesa pale kivukoni, halafu dukani. Mfanyabiashara hakupenda. Deni ni la mahindi, alisema, si la pesa. Nikamkumbusha kwamba mimi nanunua samaki wake kila mwaka na kwamba bado sijalipa kreti ya tatu. Tulibishana hadi jua likageuka. Mwishowe alifuta meka sita kwenye daftari lake, kwa kalamu nyekundu, na mama mkubwa akamwomba afute tena, mstari haukuwa umefika mwisho. Zikabaki kumi na nane. Kilichosalia kilinunua unga wa siku tano na mbegu ya mahindi, mfuko mdogo.

Kijana alifungua daftari akakaa nalo muda mrefu. Ukurasa wake una safu ya mapato, safu ya matumizi, safu ya nyumba iliyopokea na safu ya nyumba isiyopokea. Aliniuliza hii aiweke wapi: pesa ya serikali ya Zambia, imelipa deni la mahindi Kongo, kwa mwanamke ambaye hakuna kamati iliyowahi kusoma jina lake. Nikamwambia mimi ni mtu wa samaki.

Jumatano

Fuso inapakia. Mjumbe wa tajiri alipita alfajiri kumwita mama mkubwa, kuna kipande kingine cha kupiga matuta. Nilikuwa ndani nafunga makreti, nikamsikia akijibu kwamba leo na kesho na keshokutwa ana kazi. Nilipotoka hakuwepo uani, wala jembe, wala ule mfuko mdogo wa mbegu.